Mgeni wa Kichuguuni Ruhuwiko

Saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumanne ya tarehe 14 Mei, kidonda kilionekana kwenye shavu la Agape, msichana wa miaka sita wa Ruhuwiko. Hakikuuma. Bibi yake, Benigna, alikigundua alipomfuta uso na kukuta kitambaa kina damu.

Mama wa mtoto, Ursula, alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya mjini. Alikwangua ukingo wa kidonda, akatazama kwenye hadubini, akaona vimelea. Daktari alithibitisha, akashangaa, maana ugonjwa huo wa ngozi hawakuuzoea pale. Huenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, asiye na mlio, anayejificha mchana kwenye nyufa za kuta na kwenye vichuguu, na kutoka jua linapozama. Agape alianzishiwa sindano.

"Kwa hiyo mjukuu wangu kaliwa uso na kitu kisichosikika," alisema Benigna. "Halafu unatucheka sisi tunaoamini majini."

"Mama, mimi changu nimekiona kwa macho. Jini umemwona wapi?"

"Mganga Pankrasi kamwona."

Pankrasi alifika Alhamisi jioni kutoka Namtumbo, amevaa barakoa na koti la mvua, na mvua hakuna. Alijiita Daktari wa Mambo Yaliyoshindikana. Ursula hakumpa shikamoo. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akachambua mchicha, akamtazama mganga akikizunguka kichuguu kilichokuwa karibu na banda la mbuzi, akikinusa kama mtu anayechagua samaki.

"Mwenyewe yumo humu," Pankrasi alisema. "Msikibomoe. Kila siku jua likizama mtoto akae hapa, mabega wazi. Msiwashe moto, moshi unamuudhi. Usiku asilale kwenye chandarua. Mbuzi wasihamishwe, nao anawapenda."

"Na chai anakunywa na maandazi, au kavu?" aliuliza Ursula.

"Punguza mdomo, Mama Agape," alinong'ona Benigna.

Ursula alicheka. Kisha mkono ukasimama juu ya mchicha, kwa sababu mtu huyu ambaye hangeweza kutofautisha hadubini na kibuyu alikuwa amemaliza kutaja, kimoja baada ya kingine bila kukosea, kila kitu ambacho usubi angeomba kama angejaliwa mdomo wa kuombea: saa yake, ngozi tupu, hewa isiyo na moshi, kitanda kisicho na chandarua, mifugo karibu na nyumba, na kichuguu chake kiachwe kama kilivyo.

"Nani kakufundisha haya?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Pankrasi alivua barakoa. Pua haikuwepo. Palikuwa na kovu laini, la siku nyingi, linalong'aa kama sahani.

"Hafundishi," alisema polepole. "Hana sauti. Kidonda kikishafunga, unajikuta tu unajua anachotaka."

Ursula alimfukuza. Alimwita tapeli mbele ya majirani, na Pankrasi akavaa barakoa, akaondoka. Jumamosi Ursula alikibomoa kichuguu kwa jembe lake mwenyewe, huku Benigna akisali rozari dirishani. Ndani kulikuwa na mashimo matupu na harufu ya damu iliyokauka. Alihamisha mbuzi, akaziba nyufa za kuta, akafunga chandarua chenye dawa. Sindano hazikukosekana hata siku moja.

Ijumaa, tarehe 28 Juni, daktari aliandika kwamba kidonda kimefunga. Benigna alipika wali.

Jioni ile ile Agape hakuonekana ndani. Ursula alizunguka nyumba, akapita bomba la maji, akaingia kiwanja cha jirani kisichojengwa, ambako nyasi zilimfika kiunoni na baridi ya Juni ilikuwa imeshaanza kushuka, na alipofika katikati aliona kichuguu ambacho hakuwahi kukitilia maanani, na chini yake watoto wanne wa majirani wamekaa kwa mstari, kimya, masweta yamekunjwa pembeni, mabega wazi. Agape alikuwa nyuma yao. Alikuwa anafukia kwa mchanga moto wa takataka uliokuwa bado unafuka.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama," alisema Agape. "Moshi mbaya."

Ursula aliwavisha watoto masweta, akawarudisha makwao. Wazazi hakuwaambia kitu. Angewaambia nini?

Tarehe 9 Agosti watoto hao wanne walifikishwa zahanati wakiwa na vidonda visivyouma mabegani. Ursula alivikwangua vyote. Vyote vilikuwa na vimelea.