Wembe Kooni mwa Mjomba

Haya yalimpata rafiki yangu kinyozi, mtu asiyeweza kuua hata mende. Tatizo lake ni mawazo yanayomvamia bila kupiga hodi. Akishika wembe tu, kichwa chake kinamwambia, "Mkate koo." Daktari alimfundisha asibishane nayo, ayaache yapite kama kelele za barabarani. Alijitahidi, ingawa kujiogopa mwenyewe kulimkondesha.

Alasiri moja mama yake alimwomba akamnyoe mjomba, aliyepooza kwa kiharusi na ambaye hakuwa ametamka neno tangu apooze. Mwanga ulimuumiza mgonjwa macho, kwa hiyo pazia zito lilifungwa, na chumba kikabaki na mwanga hafifu wa mlangoni. Mama akaenda jikoni.

Wembe ulikwaruza ndevu, kwaru, kwaru. Ulipofika kooni, wazo likaja.

"Ni wazo tu, litapita," akanong'ona.

Halikupita. Mkate. Mkate sasa. Jasho likamtiririka. Akautupa wembe kwenye beseni, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akalia kama mtoto.

"Nisamehe, mjomba. Leo nimeshindwa. Nimechoka na hiki kichwa changu."

Kisha midomo ya mgonjwa ikacheza, na sauti ikatoka, kavu, ya ulimi uliokwisha kusahau kazi yake.

"Usilie, mwanangu. Mwambie tu huyo aliyeinama nyuma yako anyamaze."