Sahani ya Sanda Nyeusi

Saa kumi na moja na dakika tano jioni, Jumanne ya katikati ya Agosti, Semeni, mtumishi wa ndani, alirudi kutoka dukani akamkuta mwajiri wake, Aws, kalala chini amekufa katika chumba cha muziki, nyumbani kwake Al Amerat. Kichwa kilikuwa kimepasukia kwenye kona ya spika. Mashine ya santuri ilikuwa bado inazunguka, sindano inakwaruza mpira mtupu. Sahani ya santuri haipo.

Mkaguzi wa polisi, Aziz, hakuhangaika sana. Sahani ile ilikuwa nakala ya mwisho ya Sanda Nyeusi, bendi ya Aws na wanafunzi wenzake wa Kiomani waliokuwa Uingereza mwaka 1984. Muziki wenyewe wakiuita gothi: besi nzito, na sauti kama ya mtu anayeimba ndani ya kisima. Wakati ule hakuna aliyeutaka. Sasa vijana wa Ulaya wameufukua mtandaoni, na kampuni moja ya Berlin inataka kuuchapa upya, jalada na yote. Kitu cha thamani kimepotea, na mtumishi ndiye mwenye ufunguo. Jumatano asubuhi Semeni alikuwa rumande.

Habari hizo zilimchoma Thani, dereva wa miaka sitini na mbili aliyeacha shule darasa la nne. Mkewe, Mahfoudha, alikufa huku karatasi yake ya matibabu ikingoja muhuri wa mkubwa aliyekuwa likizo. Muhuri ulifika siku ya hitima. Miezi yote ile ya ugonjwa, Semeni ndiye aliyekuja kila Ijumaa kumwogesha.

Alhamisi Thani alikwenda rumande kumwona.

"Sahani uliiacha wapi, mwanangu?"

"Ilikuwa inapiga, baba. Nimetoka saa kumi kamili. Mzee kaiweka mwenyewe, ananiambia, 'Funga mlango, Semeni, majirani watadhani tuna msiba.'" Akajifuta pua kwa kanga. "Nimemwambia mkaguzi."

"Kaandika?"

"Neno la dada wa kazi nani ataliandika? Jumapili wananipeleka mahakamani."

Thani alimwendea kwanza Loai, kijana wa Bawshar aliyezitia nyimbo zile mtandaoni na aliyekuwa akimsumbua Aws amuuzie sahani. Loai alimwonesha tiketi: tangu Jumatatu hadi Jumatano alikuwa Salalah.

"Mimi ningemuua mzee wangu, ammi? Tazama, jalada lao nimeliweka kwenye simu yangu, ndivyo ninavyowapenda."

Thani akaitazama picha kwenye simu. Vijana wanne. Mmoja, mpiga ngoma, kalala kwenye sanduku kavishwa sanda, macho yamejaa wanja, midomo imepakwa rangi. Thani aliukodolea macho uso ule. Alikuwa akiuona kila asubuhi kwenye kioo cha gari, kiti cha nyuma.

Ni Muatasim, bwana anayemwendesha, mkubwa wa kupigiwa saluti, ambaye wiki ijayo alikuwa apandishwe cheo. Na Jumanne hiyohiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, alimwambia, "Nenda kapumzike, Thani. Leo nitaendesha mwenyewe."

Ijumaa, akipeleka mkoba maktabani nyumbani kwa bwana wake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, aliiona sahani nyuma ya vitabu. Jina la Aws limeandikwa kwa wino katikati ya sahani. Hakuigusa. Alimpigia simu Aziz: mkubwa anakukaribisha kahawa kesho, saa sita mchana. Aziz alikuja. Mwaliko wa mkubwa nani anaukataa?

Muatasim alishangaa kumwona polisi, lakini alipoulizwa habari ya sahani iliyo maktabani mwake alicheka.

"Aa, hiyo! Aws kanipa mwenyewe Jumanne, saa tatu asubuhi. Nilipita kwake nikielekea mkutanoni Bawshar."

"Ukaiweka wapi, bwana?" Thani aliuliza.

"Wewe nawe umekuwa mpelelezi?" Akamgeukia Aziz. "Garini, kiti cha nyuma. Mkutano ulianza saa nne, ukaisha saa tisa na nusu. Kamera za uwanja wa magari zitakuambia gari halikutikisika. Kisha nikaja moja kwa moja nyumbani."

"Uwanja ule hauna paa," Thani alisema. "Nna miaka kumi na moja nnakungojea pale."

Akaileta sahani kutoka maktabani, akailaza juu ya meza ya kioo. Imenyooka, imetulia kama maji kwenye sinia. Kisha akatoka nje, akarudi na nyingine, kitambaa mkononi ili isimuunguze.

"Hii ya marehemu mke wangu. Taarabu yake ya harusi. Leo saa tatu asubuhi nimeliegesha gari lako juani, nikaiweka kiti cha nyuma. Muda wa masaa matatu tu, sheikh."

Ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Haitaimba tena. Thani aliiweka kando ya ile iliyonyooka.

"Kila siku nnawasha kipoza hewa robo saa kabla hujatoka. Wewe, ukiacha Jumanne ile, hujaingia gari lenye joto tangu upate ukubwa. Utajuaje linavyoifanya sahani?"

"Basi... niliingia nayo mkutanoni."

"Umesema garini." Aziz alisema, safari hii akiandika. "Ingekaa humo toka asubuhi, ingekuwa kama hii. Ulitoka Bawshar ukapanda mlima kwenda Al Amerat. Saa kumi ilikuwa bado inapiga, kama alivyosema yule binti."

Muatasim aliigusa ile iliyonyooka kwa ncha ya kidole.

"Nilimwomba aikatae ile kampuni ya Berlin," akasema. "Nikampigia magoti. Picha ile ingenimaliza. Akanicheka: 'Miaka arobaini umenikana, Muatasim, hata njiani hunisalimu. Sasa dunia nzima itakuona na wanja lako.' Nikamsukuma. Mara moja tu."

"Mbona hukuivunja?" Thani aliuliza.

"Zile ngoma nilizipiga mimi. Sijawahi kupiga kitu kizuri tena."

"Na Semeni? Ungemwacha afungwe?"

Aziz alikuwa kwenye simu, akiamuru binti aachiwe.

Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa barabarani, juani. Muatasim aliinama kuingia, akaruka nyuma, kiganja chake akikipuliza.

"Moto!"

"Ndiyo, bwana," Thani alisema, akamshikia mlango kama kawaida yake. "Ingia."