Emmanuella Ametoboa Mdomo

Mimi ni muganga wa kituo cha afya hapa Ibanda. Watu wananiita Maman Rosette. Jumamosi sifanyi kazi. Jumamosi nafua nguo. Lakini nani kwenye avenue yetu anaheshimu Jumamosi yangu? Hakuna! Mtu akijikata kisu, kwangu. Mtoto akimeza shanga, kwangu. Na wote wanakuja wakati wameshajitibu wenyewe mpaka wameshindwa.

Jumamosi ile mikono yangu ilikuwa ndani ya sabuni. Jirani yangu Maman Adolphine akaingia bila kupiga hodi. Alikuwa anamvuta binti yake kwa mkono.

"Rosette, angalia mambo! Angalia hii mudomo!"

Nikaangalia. Binti yake Emmanuella ana miaka kumi na tisa. Anapiga tarumbeta katika fanfare, bendi ya kanisa. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba kama andazi. Kipini kidogo kilikuwa kimezama ndani ya nyama, na usaha unatoka pembeni.

"Nani alikutoboa?"

"Kijana mumoja wa soko, maman. Ule anatoboaka masikio."

"Na sindano?"

"Ile ile yake. Aliipanguza na kitambaa."

Mungu wangu! Kitambaa!

"Na hii kitu nyeupe juu ya kidonda ni nini?"

Mama na binti wakaangaliana.

"Ni unga ya gélule," akasema Maman Adolphine. "Nilifungua gélule ya antibiotique, nikamwanga unga pale."

"Nani alikuambia ufanye vile?"

"Batu bote banafanyaka vile!"

Ni kweli, na hiyo ndiyo inanichosha. Gélule, kile kidonge chenye unga ndani, ni dawa ya kumeza, tena muganga akiiandika. Ukimwaga unga wake juu ya kidonda, unakauka, unakuwa gamba, na usaha unabaki chini yake. Tena haikuwa gélule peke yake. Shangazi alipaka dawa ya meno. Rafiki alipaka pombe kali. Kwenye avenue yetu kila mtu ni muganga, isipokuwa mimi niliyesoma!

"Na tarumbeta? Bado unapuliza?"

"Kila jioni, maman. Ya mazoezi iko moja. Tunapokezana na Destin, mwenzangu wa fanfare."

"Munaweka midomo pale pale?"

Emmanuella akainamisha kichwa. Hapo mama yake akashindwa kuvumilia.

"Mimi nimechoka! Toa hii chuma!"

Akanyoosha vidole kwenye mdomo wa mtoto. Nikamshika mkono haraka, na sabuni yangu yote.

"Wacha! Ukiitoa sasa, tundu itafunga na usaha itabaki ndani. Na musikamue! Mishipa ya mudomo wa juu inapita karibu na macho na ubongo. Ugonjwa unaweza kupanda kule. Mutu anaweza kufa."

Emmanuella akaanza kulia. Lakini hakulia kwa sababu ya kifo.

"Maman Rosette, kesho fanfare inaenda kupiga kule Kalehe. Mimi ndiye tarumbeta ya kwanza. Nisipoenda, papa Chrispin atamupa Destin nafasi yangu!"

Papa Chrispin ndiye mkubwa wa fanfare. Namfahamu, hana mchezo.

"Binti yangu, ukienda kupuliza na hii mudomo, labda hautapuliza tena. Chagua."

Alinikasirikia. Nami nilikuwa nimekasirika, basi tulikuwa sawa. Mwishowe akasema: "Basi, Destin aende."

Tukaenda kituoni. Daktari alisafisha kidonda. Akatoa kipini kile kifupi, na palepale akaweka kirefu cha chuma safi, ili uvimbe upate nafasi na usaha utoke. Akampiga sindano ya tetanosi. Akaandika dawa.

"Ya kumeza!" nikamwambia Maman Adolphine. "Siyo ya kumwanga!"

"Nimesikia, Rosette."

"Kwanza, nawa mikono na sabuni mbele ya kugusa. Chemsha maji, yapoe. Glasi moja ya maji, chumvi robo ya kijiko kidogo. Lowesha kitambaa safi, weka inje ya mudomo asubuhi na jioni. Kiisha kula, sukutua na ile maji."

"Niongeze chumvi, ipone mbio?"

"Adolphine! Unapika samaki?"

Hata Emmanuella alicheka, kidogo, kwa uchungu.

"Usizungushe kipini. Acha pilipili. Acha pombe, hata kasiksi ya ndizi, na usikunywe kitu kwa murija wa mutu mwingine. Ukipata homa, ao uvimbe ukipanda kwenye jicho, musikuje kwangu. Mukimbie hospitali."

Fanfare ilienda Kalehe bila yeye. Destin alichukua nafasi, na papa Chrispin akamwachia. Emmanuella aliumia sana. Lakini kila asubuhi alichemsha maji yake. Uvimbe ukashuka. Daktari akamrudishia kipini kifupi, kisisugue ufizi na meno. Baada ya miezi michache, kidonda kilipona kabisa.

Alipojaribu kupuliza, tarumbeta ilisukuma kipini kikagonga meno. Alikwenda mwenyewe kumuuliza daktari. Daktari akamwambia: sasa umepona, unaweza kukitoa bila hatari. Akakitoa. Hakuna aliyemlazimisha.

Alirudi kwenye fanfare kama tarumbeta ya pili. Sasa kila mpigaji ana kipande chake cha kuweka mdomoni, hakuna kuazimana. Yeye ndiye aliyegombana na papa Chrispin mpaka vikanunuliwa.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikuja kwangu na rafiki yake Joviale. Joviale alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Damu ikanipanda.

"Aee! Na wewe? Umepaka nini? Gélule? Dawa ya meno?"

Joviale akaondoa mkono. Mdomo wake ulikuwa mzima.

"Hajatoboa bado, maman," akasema Emmanuella. "Nilimuambia sindano iwe mupya, ifunguliwe mbele ya macho yake. Glovu mupya. Chanjo ya tetanosi kwanza. Lakini nikasema, tukuulize weye mbele."

Miaka yote ya kazi yangu, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu amekuja kuuliza kabla. Nikasogea kwenye benchi, wakakaa.