Jina Lililoitikiwa Mara Mbili

Fundi cherehani alikuwa akikunja pindo la sketi ya mteja. Akasimamisha mashine, akamwita binti yake aje kuoga.

"Abee, mama!" mtoto akaitika kutoka uani, alikokuwa akicheza na kokoto.

"Abee, mama," ikaitika sauti nyingine, kutoka chumbani.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali, na chumbani hamkuwa na mtu. Fundi alikwenda kuchungulia. Kitanda kimetandikwa, pazia limetulia tuli. Ila harufu. Harufu ya dawa ya kikohozi, ule utamu wa kukera, ambayo haikuwa imesikika nyumbani humo tangu azikwe binti wa kwanza.

Huyo wa kwanza aliondoka kwa maradhi ya kifua, ndiyo kwanza anaanza shule. Alipozaliwa wa pili, mumewe, makanika, alipendekeza jina jipya. Fundi akaja juu. "Lile nililichagua mwenyewe, nikamwita nalo akiwa bado tumboni. Sasa nilipeleke wapi?" Basi mdogo akapewa jina la marehemu dada yake. Kila mama alipoita na mtu akaitika, moyo ulimpoa kidogo. Na ukweli, ambao hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba mara nyingine hakuwa akimwita aliye hai.

Baada ya siku ile, sauti ya chumbani ikaanza kumtangulia mtoto kuitika. Kisha mdogo naye akaanza kukohoa.

"Mama," alinong'ona akiwa amejibanza mapajani kwa mama yake, "kuna mtoto chumbani. Anasema jina ni lake. Anasema nimrudishie, na pumzi pia."

Mchana mmoja fundi alimwita aje kula, na safari hii ikaitika sauti moja tu, ile ya chumbani, naye akaenda, akasukuma mlango, akamkuta mwanawe ameketi sakafuni ameupa mlango mgongo, kifua kikipiga mluzi kama kilivyopiga cha yule mwingine siku zake za mwisho, midomo imefumbwa kabisa, na ile "Abee, mama" ikiendelea kutoka ndani yake, polepole, kwa upendo, kama mtu aliyesubiri miaka kuitwa.

Makanika hakungoja. Alimleta mganga, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambaye alifukiza ubani na kumfunika mtoto shuka.

"Wewe nani?"

Kitu kile kikataja jina.

"Hilo si lako. Nani kakuleta?"

"Nilikuwa napita zangu. Huyu mama alikuwa anaita mtu, na aliyeitwa hayupo. Nikamwonea huruma, nikaitika."

Fundi akaanguka magotini. "Mwanangu, ni wewe?"

"Nyamaza!" mganga alimshika mdomo. "Si mwanao huyo. Ni jini. Moshi wangu utamtoa leo, kesho ukiita atarudi. Mtoto mpe jina jingine. Na lile usilitamke tena, hata ukiwa peke yako."

"Hata kaburini kwake?"

"Hata huko, mwanangu."

"Jamani! Nguo zake nimegawa. Picha hatukuwahi kumpiga. Mimi nina jina tu, nalo mnanipokonya?"

Makanika alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

Jini alipotoka, mtoto alilala usingizi mzito. Alipoamka mama alimwuliza angependa kuitwa nani. Akalitaja jina pale pale, bila kufikiri, jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuwa nalo.

"Umelitoa wapi?"

"Ndilo najiitaga nikicheza peke yangu. Lile lingine, mama, ukiniita, huwa hunitazami mimi."

Fundi alimkumbatia. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa anajua.

Kikohozi kikaisha, harufu ikaondoka. Majirani wakalizoea jina jipya, na mwenyewe alikuwa akiitika kwa kishindo, mbio mbio, anacheka.

Hadi asubuhi moja, fundi akifua nguo bombani, mtoto yuko shule, mume kazini. Nyuma yake, karibu sana, kulikuwa na mtu anapumua kwa shida.

"Mama."

Hakugeuka.

"Mama, mwenzangu umempa jina jingine. Langu hulitaji tena." Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtoto aliyepotea. "Sasa mimi naitwa nani?"

Ni jini, alijiambia. Si mwanangu, ni jini. Lakini jina lilikuwa limeshapanda hadi kwenye ulimi, lote, tamu, na ilibidi ajizibe mdomo kwa mikono yote miwili yenye povu. Alibaki hivyo, amechuchumaa, machozi yakimchuruzika kwenye vidole, huku nyuma yake sauti ikiuliza tena, na tena, kila mara ikiwa mbali kidogo.

Hakuitika.