Kadi ya Nne

"Rudia."

Kadi ilitua mezani kwa mara ya tatu, imepigwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Mwandishi wake, aliyebandikwa jina la Miwani kwa lenzi zake nene, akainua uso. Mbele yake alisimama mchumba wake, mhariri ambaye ofisi nzima ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ilimwita Wino kwa sababu ya kalamu yake nyekundu isiyojua huruma. Ofisi nzima ilijua pia kwamba tangu Jumapili wawili hao hawasemezani ila kwa kadi.

"Kosa liko wapi safari hii?"

"Soma mwenyewe, kwa sauti."

Akasoma. "Sorry. Asili: Kiingereza cha kale, kutoka neno lenye maana ya maumivu. Maana: -enye kusikitika au kujuta. Matumizi: kuomba radhi, kumpa mtu pole, kumwomba arudie alichosema. Mfano: Samahani kwa kuchelewa."

"Nani alisema hivyo?"

"Mtu yeyote."

"Mtu yeyote haajiriwi hapa. Sheria unaijua: mfano wa kubuni haupiti. Nataka aliyesema, mahali na siku."

"Wino, hata mifano ya wenzangu..."

"Na kuna matumizi umeyasahau."

"Yapi?"

"Kumnyamazisha mtu." Akatoa simu, akaisogeza karibu na miwani ya mwenzake. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa Jumapili, saa kumi na moja jioni: "Sori."

"Herufi nne," alisema Wino. "Ulikuwa uje kujitambulisha kwetu, Mama akaamka alfajiri kwa ajili yako. Akapika, akapiga deki, akaazima viti kwa jirani. Wajomba zangu wakaja, wakakaa wakitazamana. Kila gari likipita, Mama anachungulia dirishani. Halafu nikapata hii."

"Nilikwambia, nilipata dharura."

"Dharura gani?"

Miwani akaanza kufuta lenzi zake kwa pindo la shati.

"Umeandika kwa mkono wako kwamba neno hili limetokana na maumivu. Basi ya kwako yako wapi? Faili la herufi S linafungwa leo saa kumi. Kama mpaka hapo sijapata jibu, pete yako utaikuta juu yake."

Akarudi mezani kwake, akajitia kupanga karatasi zilizokwisha pangwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hata akijitia ukali, kila kiti kilipokwaruza sakafu moyo wake uliruka. Hakutaka kuivua ile pete. Alitaka aambiwe ukweli, basi.

Saa sita na nusu alikwenda kunywa maji. Aliporudi, kiti cha Miwani kilikuwa kitupu, na juu ya meza yake mwenyewe palikuwa na kadi ya nne.

"Mfano: Nisamehe, Mama. Jumapili nilifika mpaka langoni kwako. Mlango ulikuwa wazi, nikaona viti viwili vimetandikwa vitambaa vyeupe, changu na cha kaka yangu. Kaka ndiye aliyenilea na sina ndugu mwingine. Asubuhi ile alinipigia akasema haji, hana nafasi ya mambo yangu. Niliona haya kuingia kama mtu asiye na kwao, nikageuka. Nilikuacha na viti vitupu mbele ya watu, na hilo ndilo linaloniuma. Aliyesema: mimi. Mahali: langoni kwenu. Siku: leo, saa saba."

Wino aliisoma mara mbili. Miaka miwili ya uchumba, kila mwisho wa juma Miwani alikuwa akimwambia, "Kaka anakusalimu." Kumbe salamu zile alikuwa akizitunga mwenyewe!

"Mjinga we," alinong'ona, akajifuta macho kwa kiganja. "Si ungeniambia?"

Saa saba na robo simu ikaita. Mama.

"We mtoto, huyu mtu wako yuko hapa."

"Amesemaje, Mama?"

"Alianza kwa kusoma. Kasimama langoni na kikaratasi alichonakilia maneno yake. Nikamwambia, baba, kunja hicho kikaratasi, niangalie mimi. Ndipo akasema. Akasema yote."

"Umemjibu nini?"

"Nimjibu nini? Viti nimesharudisha kwa jirani. Nimemkalisha kwenye kigoda changu jikoni, anamenya vitunguu. Analia, anasingizia vitunguu."

Wino akacheka na machozi yakimtoka, mpaka wenzake wakageuka kumtazama.

"Lakini Mama, wajomba je? Akija tena bila mtu wa upande wake, watamsema."

"Wajomba niachie mimi. Siku hiyo nachukua kiti changu, nakwenda kukaa upande wake. Huku kwetu mko wengi, hamtapungukiwa."

"Mama! Sasa wewe utakuwa mama yangu au mama yake?"

"Maliza kazi uje. Na usinichelewee, chakula kinapoa."

Wino alikata simu, akaivuta ile kadi, akafungua kalamu nyekundu. Alisoma mstari kwa mstari kama alivyozoea. Mahali palipoandikwa "asiye na kwao" alipafuta kwa mstari mmoja mnene. Pembeni akaandika: "Si kweli. Muulize Mama."

Kisha akagonga muhuri wa kupitisha, akaitia kadi kwenye faili la herufi S, akalifunga saa mbili na nusu kabla ya wakati wake. Akachukua mkoba akatoka mbio, pete ikiwa palepale kidoleni.