Kinachogonga Nyuma ya Kiti

Ngo.

Kimya. Kisha tena: ngo, ngo.

Mpelelezi Nyigu aliisikia sauti hiyo kwenye kisikizi cha sikioni, kupitia kinasa sauti kilichofichwa barabarani, kabla gari halijachomoza kwenye kona ya gereji ya mpakani. Limuzini nyeusi, kuukuu kuliko yeye, kromu zinawaka jua. Kwenye usukani, Tajiri, mkusanyaji wa magari ya kale. Anakwenda kwenye maonyesho ng'ambo, alidai.

Makao makuu yalidai vingine: amebeba viwashio vya mabomu.

Safari tatu wamelipekua. Safari tatu wameambulia patupu.

"Nyigu! Fundi anasemaje?" redio ilikoroma.

Fundi alikuwa kaka yake, tumbo moja. Ndiye aliyemlea uvunguni mwa magari baba yao alipofariki.

"Beringi za injini zimelika, kama siku zote," kaka alisema, akifuta grisi mikononi. "Gari zee, mdogo wangu. Hata wewe ukizeeka utagonga. Mwache mzee wa watu apite."

Tajiri alicheka. "Msikilize kaka yako, kijana."

"Shuka," Nyigu alimwambia.

Akaingia. Akalipandisha hadi juu ya mteremko, akaligeuza, akazima injini, akatoa gia. Gari likaserereka kimya kurudi gereji.

Akakanyaga breki.

Ngo.

Injini imelala, bado kitu kinagonga. Nyuma ya kiti.

Zima injini, usikilize: somo la kwanza alilopewa na kaka. Mtu huyo hawezi kukosea hivi. Mtu huyo amedanganya.

Akaligonga kwa spana tangi la mafuta, lililo nyuma ya kiti. Upande mmoja ulijaa. Wa pili ulilia kama debe tupu. Akaukata. Sanduku la chuma, limeng'oka kwenye kishikizo, likaanguka miguuni pake.

Mkono wa Tajiri ukaruka kwenye koti.

Bastola ya Nyigu, Beretta, ilishafika kwenye paji la uso wake.

"Jaribu, mzee. Nakuomba ujaribu."

Mkono ukarudi mtupu.

"Makao makuu, mzigo ninao. Watu wawili."

"Wawili? Nani mwingine?"

Alimfunga kaka yake pingu mwenyewe.

"Nilijua utaniamini," kaka alinong'ona.

"Nilikuamini. Safari tatu."

Akavaa miwani ya jua, akaanza kuondoka.

"Mdogo wangu! Mama usimwambie!"

Nyigu hakugeuka.

"Nitamwambia mimi mwenyewe, kaka. Na nitamwambia ni wewe uliyenifundisha kusikiliza."