Sauti Iliyomtangulia Kunguru

Ilianza na kitu kidogo ambacho mtu mwingine asingekijali. Fundi wa sauti alikuwa peke yake studio, mchana kweupe, akisafisha wimbo waliourekodi asubuhi, alipogundua kuna mtu anavuta pumzi kabla ya mwimbaji. Hakuwa mwimbaji mwenyewe. Huyu alikuwa karibu zaidi na maikrofoni.

Akavua spika za masikioni, akageuka. Chumba cha kurekodia kilikuwa kitupu.

Mwimbaji huyo walimwita Kunguru, kwa jinsi alivyokwaruza koo. Alipiga bleki metali, muziki wa magitaa yanayonguruma na ngoma za mbio, na vyombo vyote alipiga mwenyewe. Kwenye albamu hii alitaka kuchanganya zeze na nyimbo ambazo bibi zake waliimba wakisaga nafaka. Wimbo mmoja mama yake alikataa kumfundisha. Akamzunguka, akaupata kwa mama yake mkubwa, ambaye hajui kumnyima kitu. Ndio huo waliourekodi asubuhi.

"Ipandishe hiyo," alisema Kunguru, fundi alipomsikilizisha.

"Hiyo pumzi?"

"Hiyo hiyo. Fundi, nywele zimenisimama!"

Pumzi ikawa neno, neno likawa mstari. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, yenye huzuni, na kila mara ilitangulia. Kunguru alikuwa hajafungua mdomo, tayari mstari umeshaimbwa, naye anaufuata. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Fundi alideki sakafu, akakagua mabomba, akainua zulia. Lakini hakusema wasimame, maana tangu aijue kazi hiyo hakuwahi kurekodi kitu kizuri kama kile.

Aliyewasimamisha ni mama yake Kunguru. Aliingia bila kubisha, mikono ingali na povu la sabuni.

"Leo nilikuwa naosha vyombo," alimnong'oneza fundi. "Mwanangu akaniita kwa jina langu la utotoni. Jina hilo aliniita marehemu bibi yangu tu, baba. Kugeuka, namkuta amesimama nyuma yangu, mdomo umefungwa. Akaja huku, nikamfuata."

Nyuma ya kioo, Kunguru alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, midomo ikicheza bila kutoa hata mkwaruzo, na sauti ya mwanamke ilitoka kwenye spika kubwa, ikapita kati yao, ikakijaza chumba mpaka vioo vikatetemeka.

Mtaalamu wa mizimu waliyemwita alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kusomea. Alinusa hewa, akaagiza wasizime chochote, akaketi mbele ya spika kama mtu aliyekuja kumjulia hali jirani.

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Sitaki kitu," spika zikajibu. "Nimeitwa."

"Kakuita nani?"

"Huyu. Kila akirudia ule wimbo, nami nasogea. Na amerudia sana."

"Basi toka."

"Nitokeje? Mmeniweka humu."

Mtaalamu akamgeukia fundi. "Umeiweka wapi?"

"Kwenye mtambo, mama. Pamoja na ya Kunguru. Haziachani."

"Futa zote."

Kunguru alitoka mbio chumbani, akamshika fundi mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba la alfajiri. Alitikisa kichwa huku machozi yakimtoka, na mama yake akamkamata uso kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nataka nikusikie wewe. Hata ukinitukana, nikusikie wewe."

Mkono ukalegea. Fundi akafuta wimbo wa kwanza na sauti ikahamia wa pili, akafuta wa pili ikakimbilia wa tatu, ikilia, ikibembeleza, ikimwita fundi kwa sauti ya mkewe, kisha ya mwanawe mchanga ambaye hata kusema hajaanza, na harufu ya udongo ikapanda mpaka akaisikia kwenye ulimi, naye akaendelea kubonyeza huku amefumba macho na mtaalamu amemshika bega, mpaka hapakubaki cha kufuta.

Kimya.

Kunguru aliporomoka sakafuni. "Mama," alisema, kwa sauti mbaya kama sufuria linaloparuzwa. "Maji." Mama yake alicheka na kulia kwa pamoja.

Walianza albamu upya, magitaa na zeze tu. Jioni moja walikuwa wamekaa kwenye ngazi za studio, wakipunga upepo.

"Fundi, hukubakiza hata kipande?"

"Sikubakiza."

Kunguru aliitikia kwa kichwa.

"Ilikuwa nzuri, lakini."

Fundi alitaka kukana.

"Nzuri sana," alisema, na akaogopa aliposikia hamu iliyokuwa kooni mwake.